Jinsi ya Kuomba Mkopo wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania huwapatia wasanii mafunzo na mikopo ya kuendeleza kazi zao. Mkopo si ruzuku, hivyo mwombaji afikirie marejesho kabla hajajaza fomu.

Hatua ya kwanza ni usajili. Mwanamuziki, mchoraji au mchongaji hujisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na mtayarishaji wa filamu huenda Bodi ya Filamu. Kazi iliyokamilika ni vyema isajiliwe pia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwani ingawa haki ya mtunzi huanza pale kazi inapotungwa, cheti humsaidia kuthibitisha umiliki.

Hatua ya pili ni kukusanya vielelezo: namba ya NIDA, namba ya mlipakodi (TIN), ambayo TRA huitoa bila malipo, na taarifa za benki. Hapa wasanii wengi hukwama, maana jina la jukwaani huwa limeandikwa kwenye cheti kimoja na jina la kuzaliwa kwenye kingine. Tofauti hiyo irekebishwe mapema. Kikundi kiambatishe katiba yake na muhtasari wa kikao kilichoridhia kukopa.

Hatua ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote, ni mchanganuo wa biashara. Anayetaka vifaa vya studio aambatishe ankara kifani (proforma) ya muuzaji, inayoonesha bei kabla ya kununua, kisha aeleze anarekodi nyimbo ngapi kwa mwezi, anatoza kiasi gani, na umeme na pango vinachukua kiasi gani. Bendi inayotegemea harusi ioneshe wazi kwamba mwezi wa Ramadhani na kipindi cha Kwaresima shughuli hupungua, na ipange akiba ya kulipia marejesho ya miezi hiyo. Makadirio ya namna hii humshawishi mpimaji wa maombi kuliko sifa za umaarufu.

Maombi yakishawasilishwa, mwombaji ajiandae kuhojiwa na kukaguliwa mahali anapofanyia kazi. Akikubaliwa, asisaini mkataba kabla ya kuelewa riba, dhamana, tarehe ya rejesho la kwanza na adhabu ya kuchelewa, na asiondoke bila nakala yake iliyosainiwa.