Somo: Jeki za RV ziachweje gari likilala msimu wa baridi

Oktoba ikifika hapa Minnesota, jimbo la baridi kali kaskazini mwa Marekani, kambi nyingi hufungwa na wenye RV huanza kutafuta pa kuzilaza hadi Aprili au Mei. Kwa aliye mgeni wa mambo haya, RV ni gari au treila lenye kitanda, jiko na choo ndani, na chini yake mna jeki za kulisawazisha likiegeshwa kambini. Kambini kila mtu anajua kuzitumia. Kinachowachanganya watu ni ile miezi ya theluji.

Mimi mwaka wa kwanza niliteremsha jeki zote nne, nikainua gari hadi matairi yakawa yanagusa chini kwa shida, nikaondoka nikijiona fundi. Theluji ilipoyeyuka nikakuta kona moja imelala, nondo za jeki (zile fimbo za chuma zinazotoka na kuingia ndani yake) zimeshika kutu na mafuta yamechuruzika chini. Nilibadilishiwa oili sili mbili, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, na gharama yake siitaji hapa, mke wangu asije akasoma.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni moja: gari likilala, uzito ubebwe na matairi. Haya yafuatayo ni kwa RV yenye injini na jeki za haidroliki, zinazosukumwa na mafuta. Za aina nyingine nimezigusia kwenye maswali.

Hatua ya 1: Ardhi. Usiidharau. Maji yaliyo udongoni yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na ardhi hufura, tena si sawasawa: huku inapanda, kule inabaki. Ndiyo maana kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka misingi ya nyumba ishuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini. Sasa kibao chako, ule ubao unaowekwa chini ya jeki, kikilala juu ya nyasi kina ubavu gani? Tafuta zege au lami. Ukikosa, kokoto zilizoshindiliwa. Nyasi iwe pale umekosa kabisa.

Hatua ya 2: Matairi. Panda juu ya vipande vya plaiwudi vilivyo vipana kuliko tairi, ili tairi lote likae juu ya ubao bila kuning'inia pembeni. Jaza upepo hadi kipimo cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, mradi rimu nayo inaruhusu, kwa kuwa baridi huupunguza: takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi 10 za Fahrenheit zinazoshuka. Gari likiinama kidogo upande mmoja, vizuri zaidi, maji ya theluji hayatatuama juu ya paa. Najua wapo wanaong'ang'ania pimamaji kwa ajili ya friji ya gesi. Friji hiyo inadai usawa ikiwa inafanya kazi tu. Izime, acha mlango wazi kidogo, usahau.

Hatua ya 3: Vyumba vya kutokeza, yaani sehemu za ukuta zinazosukumwa nje kupanua nafasi, virudishwe ndani kabla hujagusa jeki. Kwanza vyumba, kisha jeki.

Hatua ya 4: Vuta handbreki na weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu. Teremsha jeki nondo zitokeze bila kuinua gari, kisha ukiwa pembeni, bila kuingia chini, futa kila nondo kwa kitambaa safi, ipulizie spreyi ya silikoni, halafu pandisha jeki zote hadi mwisho. Nondo ikibaki nje miezi sita, unyevu na chumvi ya barabarani huila ikawa na vishimo, na vishimo hivyo ndivyo vinavyochana sili siku utakapoirudisha. Jeki zikishapanda ndipo upime mafuta. Ukiongeza zikiwa zimeteremka, zitakaporudi mafuta yatafurika kwenye tangi.

Hatua ya 5: Betri iwe ya mwisho. Jeki zinaendeshwa na betri hiyohiyo, na nimeona mtu aliyeitoa mapema akabaki analitazama gari lake likiwa limesimama kwa miguu minne. Ichaji ijae kabla ya kuihifadhi. Betri iliyoisha huganda na kupasuka.

MASWALI

Swali: Kaka, matairi yakibaki chini muda wote huo si yatapata ubapa? Nataka niyainue kabisa.

Jibu: Usiyainue. Kwenye RV nyingi za injini handbreki hushika magurudumu ya nyuma tu; ukiyainua hayo, gari limebaki halina breki na linaweza kuteleza kutoka kwenye jeki. Ardhi ikifura chini ya jeki moja, chesisi, yaani fremu ya gari, nayo inapinda. Ubapa mdogo kwa kawaida huisha ukitembea maili kadhaa. Ukiweza, sogeza gari nusu mzunguko wa gurudumu katikati ya msimu.

Swali: Mimi nina treila, jeki zake za kona ni zile za mkasi. Nazo nizipandishe?

Jibu: Hizo, dada, kazi yake ni kuzuia treila lisitikisike; haziinui uzito. Ukitaka ziache zimegusa kibao kwa wepesi, ukizizungusha kwa mkono bila nguvu. Jeki ya mbele, ya kwenye ulimi (ile sehemu ya treila inayofungwa kwenye gari), haina budi kubeba. Iwekee magogo mapana chini ili isitoke ndefu, na magurudumu yazuiwe kabla hujalifungua kwenye gari linalolivuta.

Swali: Nimechelewa. Jeki ziko chini na vikanyagio vyake, yaani nyayo zake za chuma, vimeshikwa na barafu.

Jibu: Usilazimishe kwa mota, utachoma fyuzi au upinde nondo. Maji ya moto nayo yataganda tena palepale. Ngoja siku yenye jua, gonga kikanyagio taratibu kwa nyundo ya mpira hadi kiachie. Safari nyingine ukiwa kambini kwenye baridi, tandika karatasi ya nailoni kati ya kikanyagio na ubao.

Swali: Mwalimu, kabla sijazipandisha naweza kuingia chini nikapaka dawa ya kutu?

Jibu: Hapana, mzee wangu. Sili ikikata, gari linashuka bila kukupa nafasi ya kutoka. Lishushe kwenye matairi kwanza. Na kama bado huwezi kuingia, tafuta gereji yenye stendi za chuma zinazohimili uzito huo.