Jinsi ya kuitia ukungu nyumba yako kwenye Street View, na mambo ya kuangalia kabla hujabonyeza

Wateja wanaoniletea suala hili huwa na swali moja: nani aliwapa Google ruhusa ya kupiga picha geti langu na kuiweka Street View, ile sehemu ya ramani zao inayoonyesha picha za mitaa? Hakuna aliyetoa, wala hakuna aliyeombwa. Gari la Google lenye kamera juu ya paa hupita barabara ya umma, linapiga picha kila upande, linaenda zake. Ndivyo ilivyo tangu huduma hii ianze Marekani mwezi Mei 2007. Nyuso za watu na namba za magari hufichwa na programu yenyewe. Nyumba haifichwi mpaka mtu aombe.

Kuomba ni bure na hakuhitaji wakili. Ila soma mpaka hatua ya pili kabla hujafungua fomu, kwa sababu ukungu ukishawekwa, hauondolewi.

Hatua ya 1: Itazame nyumba yako kwa macho ya mgeni

Tumia kompyuta ukiweza. Simu inafaa, lakini kurekebisha picha kwa kidole gumba ni kazi ya kuudhi.

Fungua Google Maps, utafute mtaa wako. Kwa wengi wetu anwani ni "mkabala na msikiti, geti jeusi", kwa hiyo sogeza tu ramani mpaka ulione paa lako. Kisha shika kile kijimtu cha njano kilicho pembeni chini, ukivute juu ya ramani bila kukiachia. Barabara zenye picha zitatokea na mistari ya buluu. Kama mtaa wako hauna mstari, hakuna picha ya kuficha hapo. Ruka uende hatua ya tano. Ukiona kidoti cha buluu peke yake, hiyo ni picha iliyopandishwa na mtu binafsi, na ina utaratibu wake hapo chini.

Ukishaingia kwenye picha, soma tarehe. Kama ilipigwa kabla hujajenga ukuta au kabla hujahamia, huenda hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Halafu zunguka: mbele, kona, na ile njia ya nyuma ambayo kila mtu huisahau.

Angalia hasa kinachoonekana juu ya ukuta. Kamera ya gari iko juu kuliko kichwa cha mpita njia, kwa hiyo huona kamba ya nguo, dirisha la chumbani, na gari lililoegeshwa uani. Wajapani walililalamikia hilo mpaka mwaka 2009 Google ikakubali kuzishusha kamera zake sentimita 40 huko na kupiga picha upya. Uswisi suala lilifika Mahakama Kuu ya Shirikisho, na hukumu ya mwaka 2012 ikasema bustani na nyua zilizozungushiwa ua zisipigwe picha kutoka juu zaidi ya mita 2 bila idhini. Mafundi waliojenga Lamu walikwisha kulifikiria jicho la mtu wa nje, wakaweka daka, yaani kibaraza cha kuingilia, mlangoni ili anayepita asione ndani. Lakini walimpimia mtu aendaye kwa miguu.

Hatua ya 2: Amua kama kweli unataka

Mimi huwashauri watu wengi waache, hasa wenye nyumba ya kawaida katika safu ya nyumba zinazofanana. Nyumba moja yenye ukungu katikati ya kumi zilizo wazi hujitangaza yenyewe. Mwaka 2010 Ujerumani, kabla Street View haijazinduliwa katika miji 20, kaya 244,237 ziliomba kufichwa. Mwezi Novemba, mjini Essen, wahuni wakazitafuta nyumba zilizofichwa, wakazipiga mayai na kubandika vikaratasi vya kuisifu Google.

Fikiria pia majirani. Kama unaishi kwenye fleti, jengo lote litafichwa, pamoja na duka la chini linalotegemea wateja walitambue kwa picha. Ongea na mwenye nyumba kwanza. Na kama unapanga kuuza au kupangisha kwa wageni wa mbali, kumbuka watataka kuuona mtaa kabla hawajalipa.

Wanaopaswa kuomba bila kusita ni hawa: aliyemkimbia mume au ndugu mwenye vurugu, mwenye kesi au kazi inayomletea maadui, na yule ambaye picha yake inaonyesha ndani ya ua kuliko anavyoona mtu wa barabarani.

Hatua ya 3: Jaza fomu

Ukiwa ndani ya picha kwenye kompyuta, tafuta maandishi madogo ya kuripoti tatizo, chini kulia. Kwenye simu yamefichwa nyuma ya vidoti vitatu. Utafunguliwa ukurasa wenye picha ileile na mraba mwekundu juu yake.

Mraba huo ndio fomu yenyewe. Mengine ni maelezo tu. Geuza na kuvuta picha mpaka nyumba yako ikae ndani ya mraba. Ukiuacha juu ya barabara au ukachukua nusu ya nyumba ya jirani, anayepitia ombi hawezi kujua unataka nini.

Kwenye sababu, chagua nyumba, usichague uso wala gari. Kisha andika maelezo mafupi yasiyokosewa, mfano: "Nyumba ya ghorofa moja, geti la buluu, kulia kwa mti mkubwa. Si nyumba ya mabati iliyo kushoto." Usisimulie kisa chako chote, kinachotakiwa ni kuitambua nyumba. Weka barua pepe unayoifungua, maana wakihitaji ufafanuzi watakuandikia hapo, thibitisha kwamba wewe si roboti, utume. Piga picha ya skrini kabla hujafunga.

Ukungu ukiwekwa unatakiwa ufunike na picha za zamani za nyumba hiyo. Rudi ukahakikishe, na kama upande wa nyuma bado uko wazi, tuma ombi jingine ukiwa kwenye picha ya upande huo.

Hatua ya 4: Picha zisizo za gari la Google

Picha nyingi za Zanzibar zilipigwa na watu wa kujitolea. Kwenye picha ya namna hiyo utaona jina la aliyeipandisha. Iripoti kwa njia ileile, na kama unamfahamu, mwambie aitoe mwenyewe, ni haraka zaidi. Mapillary, huduma nyingine ya picha za mitaani inayomilikiwa na Meta (wenye Facebook), nayo hupokea maombi kwenye kila picha. Walioko Uingereza, Marekani au Kanada wakumbuke kwamba Apple nayo ina picha zake za mitaani: andika kwa MapsImageCollection@apple.com, ueleze mahali na kitu unachotaka kifichwe.

Picha ya angani, ile inayoonyesha paa, fomu hizi haziigusi.

Hatua ya 5: Jina lako kwenye ramani

Hapa ndipo penye hatari zaidi kuliko ukuta, na ndipo ninapotumia muda mwingi na mteja. Mtu wa bodaboda amechoka kupotea, anaongeza mahali: "Kwa Mama Fulani". Mwingine anaongeza picha ya mlango. Mwingine namba ya simu. Sasa nyumba ina jina la mwenyewe, na yeyote anaweza kulitafuta.

Bonyeza jina hilo, chagua kupendekeza mabadiliko, kisha kufunga au kuondoa mahali, utoe sababu kwamba si pa umma. Picha iliyoambatishwa iripoti peke yake. Alama ya "Nyumbani" uliyoweka kwenye simu yako isikutie wasiwasi, unaiona wewe tu. Ila maoni unayoandika kuhusu kinyozi, duka la dawa na shule ya watoto yakikusanywa huonyesha mtaa unaoishi. Ingia kwenye mipangilio ya wasifu wako uyafiche, wageni wasiyakute yamekusanyika hapo.

Ukipuuzwa

Kenya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, chini ya sheria ya mwaka 2019. Sheria hiyo inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Tanzania ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022. Ambatisha ile picha ya skrini ya ombi lako, kiungo cha picha yenyewe na tarehe uliyotuma.