Pima tumbo, usipime suruali

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Uongo ninaousikia zaidi kibarazani ni wa wanaume: "Fundi, kiuno andika 34." Na kweli tepu inasoma 34, kwa sababu bwana anafungia suruali chini ya kitambi. Kitambi chenyewe kimelalia mkanda, hakihesabiwi.

Basi anza kwa kujifunza kupima. Vua shati, simama wima. Papasa ubavu wa mwisho, kisha papasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Tepu inapita katikati ya hapo. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani (unamdanganya nani?), na tepu iguse ngozi bila kubana. Mwanamke akizidi inchi 35, mwanaume inchi 40, hatari ya kisukari, presha na maradhi ya moyo imeshakuwa kubwa. Mjamzito hapimwi hivi. Kipimo kingine chepesi: tumbo lisifike nusu ya urefu wako. Mimi nina futi 5 na inchi 7, yaani inchi 67, nusu yake 33 na nusu. Siku ya kwanza nilipata 41. Nikarudia, nikidhani tepu imejikunja.

Sababu niliijua. Cherehani yangu ya kukanyaga niliifunga mota, miguu ikastaafu, lakini sahani ikabaki ileile. Si kila mnene ni mlafi, jamani. Wapo waliorithi, na wapo wanaoneneshwa na dawa wanazomeza. Aliyevimba tumbo ghafla asije kwangu kuachia nguo, yaani kuipanua, aende hospitali.

Mimi nilianzia kwenye chai. Vikombe vinne, vijiko vidogo vitatu vya sukari kila kimoja: 12 kwa siku, na soda bado. Chupa ya soda ya mililita 350 peke yake ina kama vijiko 9, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya kuongeza isizidi kama vijiko 6 kwa siku. Usiache kwa mkupuo, utairudia kwa hasira. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi hautagundua. Soda nimebakiza ya harusini tu.

Mafuta ya kupikia nyumbani yalikuwa yanamiminwa moja kwa moja toka kwenye dumu. Sasa mama watoto anapima kwa kijiko cha chakula, maana kijiko kimoja kina kama kalori 120, zaidi ya ndizi mbivu nzima. Ugali hatujauacha, ila zamu ya kupakua imegeuka: kwanza matembele au mchicha nusu ya sahani, kisha dagaa au maharage robo, ugali unakaa panapobaki. Ukitanguliza ugali, mboga inakosa mahali.

Mwili nao utembee. Tanga ni mji wa baiskeli, na njia zake ni tambarare. Dakika 15 kwenda kazini, 15 kurudi, siku tano, ndizo dakika 150 za wiki zinazoshauriwa. Na nguo nazipiga pasi nimesimama, moja moja, sizilimbikizi.

Kuna wanaoniomba niwashonee mkanda wa kubana tumbo. Nashona, pesa ni pesa, lakini nawaambia mkanda unasogeza mafuta, hauyaondoi. Chai za kuharisha zinazouzwa kama dawa ya kitambi ndizo sizitaki kabisa. Zinatoa maji, na maji yanarudi.

Jipime kila Jumatatu asubuhi kabla ya kula, uandike. Mimi naandika kwenye daftari la oda: 41, 40 na nusu, wiki nyingine 41 tena (ilikuwa Idi), leo 37. Na epuka suruali za mpira kiunoni, hazikwambii kitu. Ile yangu ya kitambaa, niliyotaka kuiachia, nimeitundika jirani na cherehani. Kifungo kinafunga sasa. Kukaa nayo bado.