SOMO: Kuita maktaba ya C kutoka kwenye Python kwa ctypes

Wadau wa Arusha na Moshi, mfano wetu ni kahawa. Kilo za wakulima wa Kibosho ziko kwenye Python, hesabu iliandikwa zamani kwa C, na hakuna sababu ya kuiandika upya. Moduli ya ctypes imo ndani ya Python tangu toleo la 2.5. Kinachohitajika zaidi ni gcc, kompaila ya C (inayogeuza msimbo kuwa faili la mashine); kwenye Ubuntu: `sudo apt install build-essential`.

1. Faili la mizani.c:

```
double jumla(const double *kilo, int n) {
    double s = 0;
    for (int i = 0; i < n; i++) s += kilo[i];
    return s;
}
```

2. Likompaili liwe maktaba, si programu ya kujiendesha:

```
gcc -O2 -shared -fPIC -o libmizani.so mizani.c
```

3. Upande wa Python:

```
import ctypes
lib = ctypes.CDLL("./libmizani.so")
lib.jumla.argtypes = [ctypes.POINTER(ctypes.c_double), ctypes.c_int]
lib.jumla.restype = ctypes.c_double

k = [52.5, 48.0, 61.25]
safu = (ctypes.c_double * len(k))(*k)
print(lib.jumla(safu, len(k)))
```

Jibu ni 161.75.

argtypes ni aina za vinavyoingia kwenye funksheni, restype ni aina ya kinachorudi. Sasa futa mstari wa restype uone maajabu. Hakuna kosa litakalotokea, ila utapewa namba isiyohusiana kabisa na kilo zako. Usipoambia ctypes kinachorudi ni nini, inachukulia ni int (namba nzima), inakwenda kuchukua jibu mahali ambapo int hukaa, na double (namba yenye desimali) haikai hapo. Hili ndilo baya kuliko yote kwa sababu liko kimya: mkulima analipwa kwa namba ya uongo na programu haijalalamika. Kinachorudi kikiwa kielekezi (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu), nacho, kwenye mashine ya biti 64, hukatwa kikabaki biti 32. Andika argtypes na restype kwa kila funksheni, hata ile inayoonekana kukubali bila hayo.

Ukituma n = 30 wakati safu ina namba 3, C haitauliza. Itasoma kumbukumbu isiyo yako, ikupe takataka au programu nzima ife kwa "Segmentation fault" bila kukuonyesha mstari. Endesha kwa `python3 -X faulthandler` utajua Python ilikuwa imefika wapi.

Ile "./" inahesabiwa kutoka folda uliyosimama, si folda ya skripti. Ndiyo maana kazi inakubali kwenye terminali halafu inagoma kwenye cron (inayoendesha kazi zenyewe kwa ratiba). Weka njia kamili.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Mkuu, natuma jina "Mushi" kwenye C, linafika "M" tu. Shida nini?

Jibu: Umetuma str, yaani maandishi ya Python. ctypes huigeuza kuwa herufi pana, na kwenye Linux kila herufi inachukua baiti 4. Baada ya M zinafuata sifuri, na C ikiona sifuri inajua neno limeisha. Tuma `jina.encode("utf-8")`, na kwenye argtypes weka c_char_p. Ukishaweka hiyo, ukisahau encode utapata kosa la wazi badala ya herufi moja.

Soweto Moshi: Yangu ni C++. Inaniambia "undefined symbol: jumla", na funksheni naiona kabisa kwenye faili!

Jibu: Kompaila ya C++ hubadilisha majina ya funksheni. Piga `nm -D libmizani.so` utaliona, kitu kama _Z5jumlaPKdi. Tanguliza `extern "C"` mbele ya funksheni, kompaili tena. Na kama uko kwenye Jupyter, anzisha kernel upya, maana maktaba ya zamani bado imeshikiliwa.

Fundi Njiro: Nimehamishia hesabu kwenye C na sasa ni polepole kuliko mwanzo. Kaka, hii kasi mnayoisifia iko wapi?

Jibu: Bila shaka unaita C mara moja kwa kila gunia. Kila kuvuka kutoka Python kwenda C kuna gharama yake, na kujumlisha namba moja ni kazi ndogo kuliko hiyo gharama. Tuma safu nzima kwa mkupuo. Hata hivyo, kwa kujumlisha tu usihangaike: `sum()` ya Python yenyewe imeandikwa kwa C.