Njoo Februari: namna ninavyotembea kutazama kuta za Montreal

Wakinipigia simu watu wa nyumbani kuniambia wanapanga kuja Montreal, Kanada, kutazama michoro ya ukutani, huwaambia waje Februari. Wanacheka. Wameshasikia habari za tamasha la MURAL, lile linalofanyika Boulevard Saint-Laurent kila Juni tangu 2013, wachoraji wako juu ya mitambo ya kunyanyulia watu, muziki barabarani, jua kali. Sikatai, Juni ni raha. Lakini Juni miti imevaa majani, na kuta nyingi za vichochoroni zimejifunika mimea inayotambaa. Baridi huzivua nguo zote hizo. Kichochoro kimoja cha mtaa wa Plateau nilikipita kiangazi kizima, na ilipofika Januari ndipo nikagundua kuna uso wa mwanamke ukutani ananitazama.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, na huu ni msimu wangu wa sita wa baridi hapa. Nafanya kazi ya usiku ghalani, kwa hiyo asubuhi wengine wanapoamka mimi ndiyo natoka. Matembezi yangu ni ya saa hizo, na bahati nzuri ndizo saa zake. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza miguu. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka na raba, soksi mbili za pamba na kiburi cha kijana wa pwani. Nusu saa baadaye sikuwa na vidole, au angalau havikuwa na habari na mimi. Nikatoa simu nipige picha. Ilikuwa na chaji asilimia 40, ikazima palepale. Ramani imekwenda, saa za basi zimekwenda. Nikajitupa kwenye duka la mashine za kufulia lililokuwa pembeni. Mama aliyekuwa akikunja mashuka akanisalimu "Bonjour, hi", salamu ya hapa inayokupa uchague lugha, Kifaransa au Kiingereza. Nilikuwa sina lugha hata moja. Nikakaa juu ya benchi, miguu imeelekea kwenye mashine ya kukaushia, saa nzima.

Kwa hiyo: buti linalopita saizi yako kidogo, na soksi moja nene ya sufu. Usirundike tatu za pamba, maana pamba hunywa jasho kisha ikakugandisha, na buti likibana damu haipiti. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Itoe, piga picha, irudishe. Glavu nyembamba ndani ya zile nene zisizogawanya vidole, ili ukivua za nje usibaki mkono mtupu. Mwenye miwani akubali tu kwamba kila akiingia dukani atakuwa kipofu kwa dakika mbili.

Siku yenyewe ichague kwa jua, usiichague kwa joto. Wageni wengi hukosea hapa. Wanaona kipimo kinasema sifuri, wanafurahi, wanatoka. Sifuri ndiyo siku mbaya kuliko zote: theluji inakuwa uji wa chumvi na matope, na kwenye kona za barabara kuna madimbwi yanayoingia juu ya buti. Nyuzi 8 au 12 chini ya sifuri, mbingu buluu, ardhi kavu inayolia kwa kila hatua, hiyo ndiyo siku. Ikiwa theluji imeanguka jana, subiri manispaa ipite. Utajua wanakuja kwa king'ora cha gari la kuvuta magari, linaloonya wenye magari wayaondoe kabla halijayabeba. Nyuma yake huja mtambo unaofyonza tuta la theluji na kulitapikia kwenye lori. Kabla hawajapita, theluthi ya chini ya michoro mingi imefukiwa.

Njia yangu huanzia juu na kushuka. Panda basi namba 55 kituo cha metro cha Saint-Laurent, likupeleke hadi mtaa wa Saint-Viateur, kule Mile End. Tembea kidogo kuelekea magharibi mpaka duka la St-Viateur Bagel, ambalo lipo tangu 1957 na halifungi usiku wala mchana. Begeli za mji huu, mikate ya duara yenye tundu katikati, huchemshwa kwanza kwenye maji yenye asali, kisha huokwa kwa moto wa kuni. Nunua sita za ufuta zikiwa bado zinafuka. Mbili za kula, nne za kuweka ndani ya koti. Usicheke: hazina kifani kwa kupasha tumbo joto, na ukichoka una chakula.

Sasa rudi Saint-Laurent ushuke kwa miguu. Upepo wa baridi mara nyingi hutoka upande wa juu, kwa hiyo ukishuka unakupiga mgongoni. Ukipanda utakukata uso. Ila kuna mtego. Michoro mingi iko kwenye ubavu wa nyumba, pale penye kiwanja cha kuegesha magari au nyumba jirani iliyo fupi. Mbavu zilizoelekea mtoni, yaani huko unakoshukia, ndizo zinazopata jua la asubuhi, na wewe unayeshuka umezipa mgongo. Ninyi mtakaokuja, kila mkivuka mtaa mmoja, geukeni nyuma. Mimi nilishuka njia ile miezi kadhaa nikiangalia kuta za kivulini tu, nikidhani rangi za mji huu zimefifia.

Na usisumbuke na dira. Wenyeji wakisema "kaskazini" wanamaanisha kaskazini-magharibi. Sisi Waislamu tunaotafuta kibla tuligundua mapema.

Ukifika karibu na mtaa wa Napoléon utamwona Leonard Cohen, mwimbaji na mshairi wa mji huu, urefu wa ghorofa tisa, mchoro wa Kevin Ledo wa 2017. Yupo mtaani kwake hasa. Nyumba yake ilikuwa hapo karibu, mbele ya Parc du Portugal. Kuna mchoro wake mwingine mkubwa zaidi mtaa wa Crescent, ghorofa 21, kazi ya Gene Pendon na El Mac, mwaka huohuo. Huyo wa Crescent usimtazame kutoka chini, utavunjika shingo. Panda mlima Mont Royal hadi baraza la kutazamia mji, atakuwa amesimama katikati ya maghorofa na kofia yake, mkono kifuani.

Usitegemee kumkuta mchoraji kazini. Rangi ya maji haikauki kwenye baridi hii, na kopo la kupuliza hupoteza nguvu. Ukutani kwenyewe, maji yaliyoingia kwenye tofali huganda, hutanuka, na kubandua rangi vipande vipande. Lakini wenye kuandika majina yao hawalali. Machi, matuta yakiyeyuka, huona sahihi zimekaa juu kuliko mkono wa mtu unavyofika. Nadhani mwenye nayo alisimama juu ya theluji, ngazi ya bure.

Siku nyingine, nenda kituo cha metro cha Georges-Vanier, mtaa wa Little Burgundy. Ni mtaa wa Weusi wa zamani wa mji huu, wengi wao wapagazi wa treni. Oscar Peterson, mpiga piano wa jazz, alizaliwa huko 1925, baba yake mpagazi. Gene Pendon alimchora 2011 kwenye mtaa wa Saint-Jacques, na 2018 Kevin Ledo akamchora dada yake, Daisy Peterson Sweeney, aliyemfundisha piano. Hakuna umati, hakuna duka la kahawa la kupigia picha. Mimi husimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine, kwa sababu na mimi napanga mizigo ya watu usiku.

Na ikishuka nyuzi 25 chini ya sifuri, acha kuta za nje. Metro yote ya hapa iko chini ya ardhi, na stesheni zake zimejaa kazi za wasanii. Nenda Champ-de-Mars asubuhi, sukuma ule mlango mzito unaozunguka kwenye mhimili wake, uwapishe wanaotoka maana upepo utawatupa kwako. Vioo vya rangi vya Marcelle Ferron vipo hapo tangu 1968. Jua likipenya, rangi huanguka sakafuni na juu ya makoti meusi ya watu wanaokimbilia kazini. Kuna pa kukaa. Begeli ya nne huila hapo.