Unataka daktari wa kike, au wa kwenu? Soma kabla hujabuk

Tuseme ukweli, hapa Kenya mtu akipewa jina la daktari anaangalia kwanza ni mwanamke au mwanaume, halafu jina la mwisho, huyu ni wa wapi. Sawa tu. Ila kuhusu kabila jiulize kinachokusumbua hasa ni nini, maana mara nyingi ni lugha. Bibi anayeongea Kigiriama peke yake anataka mtu wa kumwelewa, na nesi anayejua lugha yake anatosha. Mjukuu wa miaka kumi asitafsiri mambo ya uzazi jamani.

Kuna utafiti ulifanyika Oakland, Marekani, ukatoka 2018, wanaume weusi walioneshwa picha ya daktari wao, na kwa picha tu hakukuwa na tofauti, awe daktari mweusi au la. Lakini wakishakaa naye wakaongea, wale wa daktari mweusi walikubali vipimo vingi zaidi, hasa vya kutoa damu. Kwa hiyo usimalizie kwa jina, nenda mkaongee kwanza, na kama hakusikilizi badilisha hata kama ni wa kijijini kwenu.

Jinsia ni habari nyingine. Kujifungua, kupimwa mlango wa kizazi, tezi dume, hapo aibu inafanya watu wakae na ugonjwa nyumbani, na kwa familia nyingi za Kiislamu huku pwani ni suala la sitara kabisa. Omba wakati wa kubuk, usingoje ushapanda kitandani. Sema tu, "Naomba daktari wa kike, kama leo hayupo nipangie siku yake." Sababu si lazima utoe. Hospitali ya serikali utampata aliye shifti, so muulize nesi ratiba, na kama ni wa kiume tu, omba nesi wa kike abaki chumbani. Kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, unaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe, uliza kama wanacho.

Mkataba wa haki za wagonjwa wa Kenya wa 2013 unakupa haki ya kuchagua mhudumu na kutafuta maoni ya daktari wa pili. Jina la daktari wako litafute mtandaoni kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, uone kama leseni iko hai, hiyo ina maana kuliko kabila lake.

Ila emajensi hakuna kuchagua. Mama anavuja damu leba, mume asisimame mlangoni akisema wangoje daktari wa kike.