Keki ya ndizi ndani ya glasi

Kijana wangu akitoka mazoezi ya mpira jioni hufika nyumbani njaa ikimuuma, na anachotaka ni keki. Keki kila siku sikubali. Basi nikaanza kumsagia smuthi yenye ladha ya keki ya ndizi, na sasa hata dada zake hupanga foleni jikoni.

Ndizi nanunua soko la Kibuye, Kisumu, zile zinazotoka Kisii. Chagua zilizoiva mpaka ganda likawa na madoa meusi. Wengi huzikwepa, na bei yake hushuka. Muuzaji wangu akiniona tu husema, "Mama, zako nimekuwekea." Ndizi kama hiyo ina utamu wa kutosha, sukari usiiguse. Imenye, ikate vipande vya unene wa kidole, vipange kwenye sahani visigusane, kisha uvigandishe usiku kucha. Usigandishe na ganda, kulitoa baadaye ni kazi ngumu. Ndizi iliyoganda ndiyo inayoipa smuthi uzito wa aiskrimu. Barafu huifanya majimaji tu.

Kwenye njugu karanga usiharakishe, kwa sababu harufu ya keki inatoka hapo. Zichambue kwanza. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haimalizwi kwa kukaanga. Zilizobaki zikaange kavu kwenye sufuria nzito, moto mdogo, mwiko usipumzike. Kwa dakika kadhaa utaona kama hakuna kinachotokea. Halafu zinaanza kulia moja moja, ta, ta, ganda linapata madoa ya kahawia, na harufu inatoka hadi mlangoni. Epua hapo hapo, uzimwage kwenye sinia, maana zikibaki sufuriani zitaendelea kuiva na kuwa chungu. Zikipoa zisugue kwa viganja, nenda nje upepete maganda.

Kwa glasi moja kubwa, mimina kwenye blenda mililita 250 za maziwa yaliyochemshwa yakapoa, pamoja na njugu kiganja kimoja, kama gramu 30. Saga hivyo tu kwanza, mpaka usisikie tena chembe zikigonga. Ndipo uongeze ndizi mbili ndogo zilizoganda, vijiko viwili vya mezani vya maziwa ya unga, mdalasini robo kijiko cha chai, punje mbili za iliki iliyotwangwa na chumvi kidogo sana. Chumvi usiiache, ndiyo inayoamsha ladha ya keki. Maziwa yana protini karibu gramu 8, njugu 7 hivi, maziwa ya unga kama 4. Glasi moja inakaribia gramu 20, na hujanunua mkebe wowote wa poda ya protini ya bei ghali.

Msimu wa embe ukifika, badilisha ndizi moja kwa embe. Papai na nanasi yasiyopikwa ni habari nyingine. Siku moja nilisaga papai na maziwa asubuhi, nikaweka kwenye friji, jioni kijana akaonja akatema: chungu kabisa. Matunda hayo yana vimeng'enya vinavyovunjavunja protini ya maziwa. Ukiyatumia, inywe mara tu blenda inapozimwa.

Hii ya ndizi naipa kijiko, si mrija, na juu nanyunyiza njugu chache zilizopondwa.